Bi Mwalimu na Kitabu cha Kulalia

Bi Mwalimu alikuwa na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumwachisha: mtoto asiyelala mchana hawi mtu mzima mwenye adabu. Sijui imani hiyo aliipata wapi. Alinilaza mchana kwa miaka, mimi na mdogo wangu Zuwena na watoto wengine wawili watatu wa jirani, na sote tumekuwa watu wazima. Habari ya adabu tumwachie Mungu.

Hatukuwa na pa kukimbilia. Nyumba yao na yetu ziligusana ukuta, ndani ya Maskati ile ya zamani iliyozungushiwa boma, na baada ya sala ya adhuhuri na chakula mji wote ulikuwa hausogei. Milima myeusi iliyotuzunguka ilikuwa imeshika moto tangu asubuhi na hewa haikuwa na njia ya kupita. Yeye alisimama mlangoni mwake, mkono kiunoni, akaita mara moja tu. Aliyechelewa alilala ukingoni mwa mkeka, pale jua linapoingia. Tulinawa mikono, tukajifuta, tukamwonyesha viganja. Hapo ndipo alipokitoa kitabu sandukuni.

Kilikuwa kitabu cha Kizungu cha kuwalazia watoto wadogo, cha mraba, chenye jalada gumu lililoanza kuchanika pembeni, picha kubwa za rangi na maneno machache chini ya kila picha. Watoto wa leo wanavyo tele. Wajukuu zangu hapa Al Khuwair wanavyo kabati zima na hawavitazami. Sisi tulikuwa na kimoja, na hata hicho hakikuwa chetu.

"Kitabu cha mwenyewe hiki," alikuwa akitwambia kila anapokitoa. "Nyiye mnatazama tu. Mwenyewe akija anakikuta kama alivyokiwacha."

Mwenyewe alikuwa binti yake, nasi hatukumjua kwa jina jingine. Alibaki Unguja. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, Bi Mwalimu na mumewe walipopata nafasi kwenye meli, mtoto alikuwa na surua, mwili mzima vipele na macho hayafunguki. Alikuwa na miaka mitatu. Wakubwa wakasema bahari itamuua, abaki shamba na bibi yake, atafuata kwa meli nyingine. Bi Mwalimu akakubali. Kitabu alikitia kwenye mzigo wake kwa sababu mtoto asingeweza kukitazama kwa macho yale, na kwa sababu alitaka akifika akikute juu ya mto wake. Meli nyingine ikaja bila ya mtoto, na iliyofuata vilevile. Kule kutoka kulitaka ruhusa na huku kuingia kulitaka ruhusa, na ruhusa mbili hizo hazikupata kukutana. Mumewe naye akaondoka kwenda Kuwait kutafuta kazi, akatoka bila idhini, na siku zile aliyetoka bila idhini hakuthubutu kurudi. Akabaki yeye na shangazi wa mumewe ndani ya boma, mtoto upande mmoja wa bahari na mume upande wa pili.

Hivyo ndivyo alivyokuwa tulipomjua, na ndiyo sababu sikumbuki siku hata moja aliyokaa kitini mpaka nyuma. Alikaa ukingoni, kama mgeni anayetaka kuaga.

Kwetu Unguja alikuwa mwalimu wa watoto wadogo kabisa, wale wanaoingia skuli wakilia na kutoka wakilia. Maskati haikuwa na skuli ya wasichana, wala mtu hakuwa akiitaja, kwa hiyo cheo kilibaki na kazi ikapotea. Mama zetu walimwita Bi Mwalimu, sisi tukamwita Mwalimu, na hata mchukuzi wa maji, Mbaluchi ambaye hakujua neno jingine la Kiswahili, aligonga mlango na kuita, "Mwalim!" Yeye aliitika kwa sauti ya darasani. Nadhani ilimpendeza, ingawa alikuwa akisema cheo bila mshahara ni kilemba cha ukoka.

Alichukia kilio. Mtoto akianza kulia alimtazama kwa makini, bila huruma yoyote, akamuuliza, "Unalia, au unataka tujue kuwa umelia?" Swali hilo lilitukausha machozi sote, maana jibu lilikuwa lile la pili kila mara. Mama yangu alisema mwanamke yule ana roho ngumu. Lakini mama yangu huyo huyo ndiye aliyemkuta siku moja jikoni, peke yake, amekaa juu ya kibao cha mbuzi bila nazi mkononi, machozi yanamtiririka na hajifuti. Akamwambia mama yangu, kwa sauti ile ile ya darasani, kwamba ni kitunguu. Vitunguu havikuwapo nyumbani mwao wiki hiyo.

Watu walimpa nasaha ile ya kila siku, kwamba subira huvuta kheri. Aliwajibu kwamba anaijua, ameisomesha yeye mwenyewe, ila hajaambiwa kheri hiyo inavutwa kutoka wapi na kwa kamba ya urefu gani. Hakuwa mtu wa subira hata kidogo. Wali alikuwa akiufunua kabla haujaiva. Ila ukimwona mbele ya watu utadhani amezaliwa nayo, kwa jinsi alivyokuwa akiwausia wenzake.

Na Maskati aliichukia, hilo hakulificha. Alichukia joto lake, maji yake yenye chumvi, milima yake. Ole wake lakini mgeni mwengine kutoka Unguja aseme hivyo mbele yake. "Mji hauna kosa," alikuwa akisema. "Mji umekupokea. Waliokutoa ndio uwaseme." Kisha akiondoka mgeni anaendelea kuichukia yeye mwenyewe mpaka magharibi.

Boma lilikuwa jambo jingine. Usiku ukiingia mzinga ulipigwa na malango yakafungwa, na baada ya hapo hakuna aliyetembea njiani ila na taa mkononi. Sisi watoto tulizoea haraka. Yeye hakuzoea. Mwaka wa kwanza alikwenda Matrah, bandari ya jirani, kuwauliza abiria waliotoka Unguja kama kuna aliyemwona mwanawe, akachelewa kurudi, akakuta lango limefungwa, akalala kwa watu baki nje ya ukuta. Hakuna aliyemdhuru. Lakini aliporudi asubuhi aliapa hatoki tena. Akakaa ndani ya boma lile miaka yote iliyofuata, kwa hiari yake, akilaani kufungiwa. Ukimuuliza kwa nini haendi hata Matrah kununua kitambaa, anakwambia, "Na wakija kunipa habari za mwanangu nisiwepo?" Nilikuwa mdogo na niliona ni jibu la maana. Sasa najua alikuwa ameogopa, na khofu ikishamkaa mtu inajua kujitafutia sababu.

Shangazi wa mumewe ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Alikuwa bibi mrefu, mkavu, mzaliwa wa pale pale, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji, na barakoa haikumtoka usoni hata akiwa na sisi watoto. Siku ya kwanza alipokiona kitabu alikitaka akikague. Nyumbani mwake hamkuingia picha ya kiumbe mwenye roho, maana malaika hawaingii penye picha. Akakishika, akakifungua kwa upande wa kulia, kama kila mtu wa kule anavyofungua kitabu, akaanza kutazama. Kwa kuanzia huko, picha ya kwanza aliyoiona ilikuwa ya mwisho.

Hapo lazima niseme kitabu chenyewe kilikuwa kinahusu nini. Kilikuwa cha mnyama mdogo mnene wa rangi ya waridi, ambaye jioni haingii kulala mpaka amefunga kila kitu. Anafunga lango la bustani, anaanua nguo, anafunga banda la kuku, anafunga dirisha, anamuaga mama yake, anapanda kitandani, anafumba macho. Basi. Ndivyo alivyokiandika aliyekiandika. Shangazi yeye aliona mnyama amelala, akaona anaamka, akaona anakwenda kwa mama yake, akaona anafungua dirisha, anafungua banda, anaanika nguo, anafungua lango, na picha ya mwisho yuko barabarani na mbingu nyekundu. Mnyama aliyeshika komeo hasemi kama anafunga au anafungua. Shangazi alikitazama mpaka mwisho, yaani mpaka mwanzo, akasema kwamba ni kitabu kizuri, kinafundisha watu kuamka alfajiri.

Bi Mwalimu hakumsahihisha. Na tangu siku ile akawa anatusomea hivyo hivyo, kutoka kulia, kwa Kiswahili cha kwake mwenyewe, akibuni maneno ya kila picha. Sisi tukakua tukijua kwamba hicho ni kitabu cha mtu anayeamka, anafungua milango yote ya kwao, mmoja mmoja, kisha anatoka.

Shangazi alitoa sharti moja ili picha zikae nyumbani: kila mnyama achorwe mstari shingoni, aonekane amekatwa, asihesabiwe kuwa ana roho. Watu wengi wa zamani walikuwa wakifanya hivyo. Alitaka kwa wino. Bi Mwalimu akasema wino hana, akachukua wanja wake wa macho akachora kwa wanja, kwa mkono mwepesi sana, kuku na paka na mnyama mwenyewe na mama yake. Wanja unafutika. Alikuwa akifikiria siku ya kumrudishia mwenyewe kitabu chake.

Kisha Shangazi akauliza mnyama huyu ni mnyama gani. Nilikuwapo. Bi Mwalimu akajibu kwa Kiarabu chake kibovu kwamba ni mtoto wa kiboko, mnyama wa mtoni huko Afrika, mla majani, mpole. Shangazi hakuwa amepata kumwona kiboko. Hata sisi hatukuwa tumemwona, Unguja kisiwani kiboko atoke wapi. Tukaamini sote. Alikuwa nguruwe. Alikuwa nguruwe dhahiri, na pua yake na mkia wake, na ndani ya nyumba ile nguruwe asingekaa hata dakika moja, awe wa karatasi au wa nyama. Kitabu kingekwenda motoni mchana ule ule.

Na huyu ndiye mwanamke aliyemchapa Zuwena viganja viwili kwa kusema amenawa mikono na hakunawa. Aliuchukia uongo kuliko uchafu. Alikuwa akisema mwongo ni mwizi aliyekosa kitu cha kuiba. Mimi nilipokuja kujua, nilimwekea kinyongo. Nilikuwa na umri wa kuweka vinyongo.

Nilijua hivi. Nilipofika miaka kumi na moja, au karibu na hapo, nilikuwa nimechoka na maisha ya kukaa. Kaka zangu walikwenda skuli. Mimi nilikwishahitimu Msahafu, nilijua kushona na kupika, na mbele yangu hapakuwa na kitu isipokuwa siku nyingine kama hiyo. Nilijiona nimewekwa ndani ya mtungi na kufunikwa. Sikumwambia mtu. Bi Mwalimu aliona mwenyewe, akanibakisha mkekani baada ya wengine kulala, akaanza kunifundisha kusoma Kizungu, na kitabu cha kufundishia kilikuwa hicho hicho, maana kingine hakikuwapo. Alinifundisha herufi, sauti, kisha maneno mafupi, akiziruka kurasa ovyo ili nisifuate hadithi. Lakini sikuwa mjinga. Siku moja nilipofika kwenye picha ya lango niliunganisha maneno, nikayarudia, nikaona kuwa pale pameandikwa kufunga. Nikaenda ya dirisha, kufunga. Banda, kufunga. Kurasa zote kufunga. Nikarudi kwenye jina la mnyama, nikalisoma pia.

Nikamwambia kwa hasira kwamba ametudanganya miaka yote, na kwamba kiboko si kiboko.

Hakuona haya hata kidogo. Aliwatazama wenzangu waliolala, akateremsha sauti. "Umejua kusoma. Alhamdulillahi. Sasa jua na kunyamaza."

"Lakini kimeandikwa anafunga, Mwalimu."

"Nnajua kilivyoandikwa. Kule kwetu nilikuwa nikimsomea mwenyewe anafunga, na akilala raha mustarehe, kwa sababu asubuhi mama yake yupo. Hapa nikusomeeni anafunga, halafu mzinga ulie wafunge na wao? Siwezi. Ulimi wangu hauendi."

Kinyongo changu kiliisha pale pale. Nilimpenda kwa maneno yale, na sijui kama nilipata kumwambia.

Lililonishangaza zaidi ni Shangazi. Mchana alikuwa akikaa chumba cha pili, mlango wazi nusu, akisema anangoja upepo. Upepo gani katika mji ule. Alikuwa akisikiliza. Neno hata moja hakulijua, lakini Bi Mwalimu akianza kusoma, ushanga wa tasbihi ya bibi yule ulipungua mwendo, ukasimama, na mara tukasikia anakoroma kabla yetu sisi. Siku Bi Mwalimu alipokuwa na homa hakusoma, Shangazi alizunguka nyumba nzima akigombana na vyungu.

Basi akaja mgeni. Alikuwa mke wa mfanyabiashara, mwanamke aliyekaa Bombay miaka na kila sentensi yake ilikuwa na Bombay ndani. Alipita pale mkekani tulipolala, kitabu kiko wazi, akainama akakichukua. Akamwambia Shangazi kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili kwamba mnyama huyu anamjua, amewaona Bombay wakila taka majiani, huyu ni khinziri, na watoto wa Kiislamu wanalazwa naye. Mimi nilikuwa nimefumba macho lakini silali. Bi Mwalimu alikuwa amesimama na birika la kahawa. Nilijua anafikiria nini. Kitabu kile ndicho kitu pekee alichokuwa nacho ambacho mwanawe aliwahi kukishika.

Shangazi akakitwaa kitabu mkononi mwa mgeni. Alikitazama kitambo, karatasi kwa karatasi, kuanzia kulia. Akasema kwamba huyo ni farasi wa mto, ndivyo Waarabu wanavyomwita kiboko. Mgeni akasema hapana, Wallahi ni khinziri. Shangazi akasema, "Bombay wanamwita watakavyo. Katika nyumba yangu huyu ni farasi wa mto, na kahawa yako inapoa."

Mgeni alipoondoka, Shangazi aliinuka. Alikwenda chumbani kwake akaleta wanja wake mwenyewe, akaketi mkekani miguu imenyooka, akapitisha upya mstari kwenye shingo ya mnyama kila mahali alipochorwa, mzito na mweusi kuliko ule wa kwanza. Kisha akamrudishia Bi Mwalimu kitabu, kwa mikono miwili. Mabibi wale wawili hawakupata kupendana, wala nisikudanganyeni. Lakini tangu siku ile Bi Mwalimu alimpakulia Shangazi kwanza, kabla ya wageni.

Nimemtaja mdogo wangu Zuwena, nami sijaeleza alikuwa nani kwa Bi Mwalimu. Zuwena na mwenyewe walizaliwa mwaka mmoja. Kwa hiyo Zuwena alikuwa kipimo. Kila Idi ikikaribia Bi Mwalimu alimsimamisha ukutani, akampima bega, kifua, urefu, akashona magauni mawili, moja la Zuwena na moja la mwenyewe, na lile la pili akalipeleka kwa yeyote anayesafiri, ikiwa yupo. Mara nyingi hakuwapo, likabaki. Jino la kwanza la Zuwena lilipong'oka, Bi Mwalimu alilitaka alione. Zuwena alipoanza kufunga Ramadhani nusu siku, alisema, "Basi na yule kaanza." Mdogo wangu alikuwa hapendi. Alikuwa akilalamika kwa mama kwamba Mwalimu anamtazama lakini hamtazami yeye. Mtoto wa miaka sita aliyaona hayo.

Alipotimia miaka saba Zuwena alikataa. Tulikuwa tumeshakaa mkekani, viganja vimekaguliwa, kitabu kimefunguliwa. Akasema, bila ya ubaya wowote, kwamba yeye sasa mkubwa, hicho ni kitabu cha watoto wadogo, hataki tena kulazwa.

Bi Mwalimu hakumpiga. Ningependa angempiga. Alikifunika kitabu, akakiweka mapajani, akakaa anamtazama. Nikaona namna uso wake unavyokwenda, na nikafahamu kwamba hakuwa akimsikia Zuwena. Alikuwa amesikia habari kutoka Unguja. Miaka yote ile alikuwa akikitunza kitabu kwa ajili ya mtoto wa miaka mitatu, akimpima mabega kila Idi na bado akimngojea wa miaka mitatu, na sasa mtoto wa mwaka ule ule amesimama mbele yake anamwambia muda umekwisha. Akasema polepole, "Haya, mama. Nenda kacheze." Zuwena akaenda. Bi Mwalimu hakutusomea siku hiyo, wala kesho yake, na aliporudi kusoma alikuwa anasoma kwa haraka.

Mwaka 1970 ulipoingia mimi nilikuwa msichana wa ndani kabisa, sitoki ila na mama. Shangazi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Katikati ya kiangazi akaingia Sultani mpya, na mambo mengi tuliyodhani ni ya Mungu tukaona kumbe yalikuwa ya watu. Malango yakaachwa wazi usiku. Nakumbuka baba alipanda darini siku ya kwanza kusikiliza mzinga, akakaa mpaka akachoka, akashuka akasema, "Haujalia." Watu wakaanza kuja, kutoka Kuwait, kutoka Bahrain, kutoka Mombasa na Dar es Salaam. Mume wa Bi Mwalimu akaleta habari kwamba yuko njiani, na kwamba mtoto amekwishapita Dar es Salaam na ami yake, na huyo mtoto ndiye atakayetangulia, kwa ndege.

Nilikwenda kumwona siku ya tatu baada ya mtoto kufika. Mama alinipa sahani ya haluwa nipeleke. Bi Mwalimu alinifungulia mlango mwenyewe, akanipokea sahani, hakunialika ndani. Tulisimama ukumbini kama watu wawili wenye mgonjwa ndani.

"Yuko?" nikauliza.

"Yupo. Kaa naye wewe. Miye mgeni kwake."

Mtoto alikuwa amekaa kitini, mgongo umenyooka, mikono mapajani, mtandio umefungwa vizuri. Alikuwa mwembamba kuliko Zuwena na mfupi, gauni la Idi likimpwaya mabegani. Akaniamkia, "Shikamoo." Alikuwa na adabu ya kumtia mtu huzuni. Nikamuuliza safari, akajibu. Nikamuuliza skuli, akasema yuko darasa la tatu na anapenda hesabu. Nikamuuliza, kwa ujinga wangu, kama amefurahi kumwona mama yake, akanitazama kama niliyekosea nyumba. "Mama yuko shamba," alisema. "Hakuweza kuja, miguu inamuuma." Ndiye bibi yake aliyekuwa akimsema.

Kitabu kilikuwa juu ya meza. Alikuwa amepewa tangu usiku wa kwanza, juu ya mto, kama ilivyopangwa. Alikuwa amekifungua kutoka kushoto, akakitazama chote, akasema ahsante, akakirudisha. Hakukikumbuka. Haya aliniambia Bi Mwalimu mwenyewe baadaye, mlangoni, akikunja na kukunjua ncha ya kanga, na akaniambia pia kwamba alipomwambia mchana huu ni saa ya kulala kidogo, mtoto alijibu, kwa heshima zote, kwamba kwao hawalali mchana. Wala hakuwa amejua amwite nini. Alikuwa amewasikia watoto wa jirani wakiita, naye akafuata. Alimwita Mwalimu.

Nilitamani kulia. Nikakumbuka swali lake la kulia, nikajizuia.

"Ananikhofu," alisema. "Hali chakula. Nikimuuliza anapenda nini ananambia chochote. Hebu muulize wewe. Wewe si mtu mzima kwake. Muulize anapenda kula nini."

Nikarudi ndani nikamuuliza. Mtoto alifikiri sana, akachungulia mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie Mwalimu nnapenda muhogo wa nazi."

Muhogo, Maskati, mwaka 1970. Angeomba theluji ingekuwa sawa. Nilimpelekea jibu mama yake nikitegemea acheke, au aseme tumpe wali. Alivaa buibui lake, akachukua kikapu, akasema niende naye mlangoni nifunge, nisimwache mtoto peke yake. Ilikuwa baada ya adhuhuri, saa ile ile mji mzima umelala na jua limesimama juu ya vichwa. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Matrah." Nikamwambia angoje jioni, nitamwomba baba amtume mtu. Alikuwa ameshafika njiani.

Nilipanda darini kumtazama. Alikwenda upesi, akiufuata ukuta penye kivuli kidogo, mwanamke mmoja peke yake katika njia tupu. Penye Lango Kubwa alisimama. Nikasema moyoni, atarudi. Alisimama pale kiasi cha mtu kurekebisha buibui lake, kisha akapita, na mlima ukamficha.

Muhogo hakuupata. Alirudi alasiri imekwisha, uso mwekundu kwa jua, na kikapu cha viazi vitamu na nazi mbili kavu. Hakupumzika wala hakunywa maji. Alizikuna nazi, akachuja tui, akavipika viazi kwa tui zito na chumvi na pilipili mbichi moja isiyopasuliwa, kama unavyopikwa muhogo, akapakua, akaweka sahani mbele ya mtoto, akasema, "Muhogo sikuupata. Nimepata hivi."

Kisha akarudi kusimama mlangoni, mbali, asimkhofishe.

Mtoto alionja. Akala kimya, bila kuinua kichwa, mpaka akaifuta sahani kwa kidole. Akaisukuma mbele kidogo, akageuka kumtafuta aliyepika.

"Mwalimu," alisema, "niongeze."

Bi Mwalimu akaenda, akamwongeza, akakaa chini pembeni yake.